Mate ya Radhi

Mume wangu alikuwa mtu wa mdomo, na sina maana ya maneno. Maneno ya nyumba ile nilikuwa nayo mie. Yeye ukimuuliza jambo asubuhi, shukuru akikujibu jioni. Mdomo wake ulikuwa wa kazi. Alikuwa mpiga zumari, na Temeke yote, kuanzia kwetu mpaka huko kwenye mashamba ya minazi ya Mbagala, arusi haikuchangamka mpaka yeye afike, aitie zumari mdomoni, mashavu yamvimbe na sauti itoke. Tena ikitoka haikatiki. Wapiga zumari wengine unawasikia wakitafuta pumzi, wanakata, wanaanza tena. Yeye alivuta hewa kwa pua huku akisukuma ile iliyoko mashavuni, zumari ikalia moja kwa moja mpaka wanawake uwanjani wakaomba po. Mie nilikuwa mmoja wao. Hivyo ndivyo alivyonipata, sifichi.

Nyie mliokulia kwenye redio hamjui, basi nieleze. Zumari ina ulimi wake, kipande cha jani kavu kilichokunjwa na kufungwa uzi pale juu inapoingia mdomoni. Ulimi ule ukiwa mkavu hausemi kitu. Lazima ulowe mate, na uendelee kulowa muda wote unaopiga. Kwa hiyo kazi ya kwanza ya mpiga zumari ni mate, pumzi baadaye. Mie nilikuwa mtoto wa kike wa Kizaramo, niliyefunzwa na bibi yangu kwamba mate ni kitu cha kufichwa, ukitema unafukia. Nilipoolewa nikakuta nyumba ambayo mate yana heshima zake.

Maana haikuwa zumari peke yake. Kwao ni kusini, na katika ukoo wao baba hakutoi nyumbani bila mate yake. Ukisafiri, ukienda jandoni, ukiolewa, unapiga magoti na kukinga viganja viwili. Baba anakutemea mate kidogo, marasharasha tu, nawe unajipaka usoni na kifuani. Hiyo ndiyo radhi. Maneno wanasema pia, lakini wanakwambia maneno mtu huweza kuyatamka na moyoni ana lake. Mate hayadanganyi, ndivyo walivyoamini, kwa sababu mtu mwenye kinyongo kinywa humkauka. Nilipoelezwa hayo mara ya kwanza nilicheka mpaka mama mkwe akanitazama vibaya. Nikanyamaza, lakini moyoni niliendelea kucheka, na nikacheka miaka mingi.

Tulijaliwa binti mmoja. Enzi hizo Mwingereza ndiye mwenye nchi, na Temeke yetu ilikuwa nusu mji nusu shamba. Nyuma ya nyumba mihogo, mbele vumbi la barabara ya Kilwa. Mchana mume wangu alisuka vitanda vya kamba hapo kibarazani, na binti yake alikaa naye akimpa kamba na kumpigia hadithi. Walikuwa wawili wale, jamani! Mie mwenye nyumba nilikuwa kama mgeni. Kila binti wa jirani alipoolewa, mume wangu akaenda kumpigia zumari, binti yangu alimwambia, "Baba, siku yangu utapiga mpaka mashavu yapasuke." Naye alimjibu, "Yapasuke tu."

Mwaka aliokuja mchumba ndio mwaka uliotuharibikia. Kwanza alianza kunywa maji. Namwona anachota kata ya maji mtungini, anakunywa, anakaa, anarudi tena. Najaza mtungi asubuhi, adhuhuri hauna kitu. Nikamtania, "Bwana weye, una samaki tumboni?" Akacheka. Halafu akawa haishi kutoka kwenda uani. Akakonda, kanzu ikawa inamning'inia, na viatu vya ngozi alivyovipenda vikawa vinampwaya. Nikasema haya, mtu anakonda, anatoka kila saa, hana hamu ya mazungumzo: huyu ana mke Mbagala. Wallahi ndivyo nilivyowaza. Nikamfuata siku moja nyuma ya ua nikiwa nimejifunga kanga kiunoni kwa vita, nikamkuta anakojoa. Pale alipokuwa akikojoa sisimizi walikuwa wamejaa, wamejipanga mstari kutoka kwenye mzizi wa mpapai mpaka pale. Nikajua mtu amemwaga tui la nazi. Sikuwaza zaidi, nilifurahi tu kwamba hakuna mke.

Posa ililetwa Mfungo Mosi, sikukuu ya Idi ikiwa bado haijatoka midomoni. Kijana mwenyewe alikuwa karani, mwenyeji wa Kinondoni, mpole, anasema "shikamoo baba" huku ameinama kweli kweli. Aliyekuja kumsemea alikuwa shangazi yake. Mwanamke yule alikuwa na macho! Akikutazama unajikagua kama umevaa kanga kichwa chini miguu juu. Lakini alikuja kwa adabu zote, tukatandika mikeka, kahawa ikapita na kashata, mambo yakakubaliwa. Ikabaki radhi. Mume wangu mwenyewe ndiye aliyewaeleza wageni desturi ya kwao, na shangazi akasema, "Vizuri, tunapenda watu wenye asili."

Binti akaletwa, kajifunika ushungi, akapiga magoti mbele ya baba yake na kukinga viganja. Mume wangu akainama. Nikamwona anakusanya mashavu kama afanyavyo kabla ya kupiga zumari. Hakikutoka kitu. Akajaribu tena. Tukasikia ulimi wake ukigonga juu ya kinywa, tak, tak, ukavu mtupu. Mtoto bado amekinga viganja. Mara ya mwisho nilimwona akipata kitu, akakifikisha midomoni, kisha macho yakambadilika, akafunga midomo na kumeza. Akamshika binti vidole, akavikunja, akasema polepole, "Nenda ndani, mwanangu."

Loo! Shangazi aliweka kikombe chini, akajifunga vizuri ushungi wake, akasema, "Kumbe baba mtu hajaridhika." Hakusema kwa hasira, ndiyo maana iliuma. Wakaondoka kwa heshima, wakaacha neno kwamba wao watangoja radhi mpaka Mfungo Sita, mwezi wa maulidi. Ikipita hapo watajua wamekataliwa, na kijana atatafutiwa kwingine.

Binti yangu alilia siku ile, na siku ya pili, akaacha kukaa kibarazani. Alimwamkia baba yake akiangalia sakafu. Mie sikulia, mie niliwaka. Nikamfuata mume wangu pale kwenye kitanda chake cha kamba, nikamwambia, "Weye bwana, kama humtaki mkwe si useme! Unamtoa mtoto mbele za watu, unamrudisha mikono mitupu, ana kosa gani?"

Akanitazama. Akasema, "Namtaka. Mate hayaji."

"Hayaji vipi?"

Akafungua kinywa. Miaka yote ile mdomo wake nilikuwa nauona kwa nje tu, kwenye zumari. Ndani fizi zilikuwa zimevimba, nyekundu, na ulimi umepasuka pasuka. Akasukuma jino la mbele kwa ulimi, likacheza. Akaniambia kwamba alipojaribu mara ya mwisho kilichokuja kilikuwa damu, naye hawezi kumtemea mtoto damu. Hasira yangu yote ikanitoka. Nilimwonea huruma hata nikaketi chini.

Sasa ajabu ya mume wangu ni hii, na kwa ajabu hii nampenda mpaka leo. Mtu mwingine angesema nimerogwa, akatafuta adui wa kumlaumu. Majirani walikuwa wamekwisha kumtajia jina la mpiga zumari mwenzake. Yeye akajigeukia mwenyewe. Kwao kinywa kikavu ni kinyongo, basi akaamini ana kinyongo asichokijua, kimejificha ndani kinamnyima mtoto wake radhi. Akaanza kukitafuta. Alikwenda kwa mpiga ngoma waliyegombana kwa jambo ambalo hata mie nilikuwa nimelisahau, akamwomba radhi. Akatembea kwa miguu mpaka Mbagala kwa mtu aliyemwangushia mnazi wake wa mpakani, akamwambia nimekusamehe. Yule bwana akamjibu, "Mnazi gani?" Akaenda hata kwa huyo mpiga zumari mwenzake, wakala naye wali, akarudi kinywa kikavu vile vile.

Siku moja akanikalisha na mie. "Mke wangu, kama nina kinyongo nawe nisichokijua, unisamehe."

Nikamwambia, "Kinyongo nawe ninacho mie, tena tele, na mbona mate ninayo?"

Tukacheka, kisha akainamisha kichwa. Akasema, "Nimetafuta kila pembe, sikioni." Ndipo na mie nikalia.

Aliposhindwa na moyo akarudi kwenye kinywa. Wapiga zumari wa zamani walikuwa na dawa yao: kabla ya kupiga unatia kipande cha sukari guru shavuni, mate yanakuja. Alikuwa akifanya hivyo siku za arusi tu. Sasa akaanza kufanya kutwa. Anaamka nacho, anasuka vitanda nacho, akipumzika kimo shavuni. Kweli mate yalikuja kidogo, mazito ya kunata, yakakauka tena, na kiu ikazidi, akaongeza kipande. Shavu likavimba, jino likaanza kumuuma mpaka akawa hawezi kushika kamba. Nikasema basi, radhi itangoja, jino halingoji. Nikampeleka mjini, hospitali ya serikali, kwa daktari wa meno.

Daktari alikuwa Mhindi wa makamo, mtu mtaratibu, sauti ndogo. Akamkalisha, akasema fungua. Akachungulia, akashika koleo ndogo akatoa kitu cheusi, akakiinua kwenye mwanga.

"Mzee, hiki nini?"

"Sukari guru," mume wangu akasema, kwa adabu.

"Umekuja kwangu na sukari guru mdomoni?"

"Ya kuleta mate."

Daktari akakiweka kando. Akaingiza kijioo chake ndani ya shavu, akataka kukitoa, kijioo kikanasa. Kilishikamana na shavu kwa ukavu. Hapo akaacha kutazama jino, akamtazama mtu mzima. Unakunywa maji mengi? Ndiyo. Unakwenda haja ndogo mara kwa mara? Ndiyo. Umekonda? Mie nikashindwa kunyamaza, nikadakia kwamba amekonda hata nikamdhania mke wa pembeni, na kwamba pale anapokojoa sisimizi hawaishi. "Sisimizi?" akasema daktari, akaweka vyombo chini.

Mkojo wake ukachukuliwa, ukachemshwa pamoja na dawa ya buluu mbele ya macho yetu. Dawa ikageuka kijani, ikageuka manjano, ikaishia rangi ya tofali. Daktari akatueleza taratibu, na mie maneno yake nimeyashika mpaka leo. Mume wangu ana ugonjwa wa sukari. Sukari imemjaa damuni, mwili unaitoa kwa mkojo, na mkojo unaondoka na maji yake. Maji yakiondoka, mate yatatoka wapi? Na mate, akasema, ndiyo yanayoosha meno mchana kutwa bila ya sisi kujua. Yakikosekana uchafu unakaa, utamu unakaa, fizi zinaoza na meno yanalegea. Tena fizi zikishaoza, sukari nayo inazidi kuwa ngumu kushuka, huku kunachochea kule. Na juu ya yote hayo mzee anamumunya sukari guru kutwa!

Mume wangu alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza swali ambalo daktari hakulitegemea. "Kwa hiyo si kinyongo?"

Daktari akanigeukia. Nikamwelezea desturi, na posa, na shangazi, na ule mnazi wa Mbagala. Alisikiliza kwa makini, hakucheka, nami kwa hilo nilimheshimu. Akamwambia, "Mzee, moyo wako sijaupima. Lakini kinywa chako kimekauka kwa sukari."

Mume wangu akafunika uso kwa viganja. Nilidhani analia kwa ugonjwa, nikamgusa bega. Kumbe anacheka. "Si kinyongo," akaniambia. "Mke wangu, si kinyongo." Mtu ameambiwa ana maradhi ya kufa nayo, yeye anashukuru Mungu. Kisha akakaa sawa kwenye kiti akang'olewa meno ya mbele, yale yasiyofaa tena, bila hata kuguna.

Niliuliza mie, kwa sababu yeye asingeuliza: "Atapiga zumari huyu?" Daktari akasema hajui, yeye hajawahi kumtibu mpiga zumari. Alichoweza kutuambia ni kwamba sukari ikishuka mate yatarudi, na fizi zitapona akizitunza.

Nikaenda Kinondoni mwenyewe kumweleza shangazi. Nilivaa nguo zangu nzuri na nikajipanga maneno njia nzima. Alinikaribisha, akasikiliza, akasema, "Sukari? Dada yangu, mtu akila kitu kitamu mate yanamjaa. Sijasikia sukari ya kukausha mate." Na mie mwenyewe nilikuwa nimeyajua juzi tu. Akaongeza kwamba yeye si mgomvi, lakini mtoto wao hataingia kwenye nyumba ya watu na neno la baba likiwa limebaki nyuma. Alitaka aone radhi kwa macho yake.

Binti yangu, aliposikia habari ya hospitali, alitoka ndani akaja kumwangukia baba yake miguuni. Akamwambia, "Baba, nitoe kwa maneno tu, mie nimeridhika." Mume wangu akakataa. "Sikutoi mkavu," akasema.

Basi nikamwona mwanamume! Kila asubuhi alitembea mpaka zahanati kuchomwa sindano ya kushusha sukari, jua na mvua. Sukari guru aliitupa siku ile ile, na sukari ya chai, na maandazi, na embe, na ule ubwabwa wa sahani kubwa alioupenda akapunguza mpaka mie ndiye niliyesikia njaa kwa niaba yake. Alisukutua kwa maji ya chumvi kila baada ya kula. Badala ya sukari guru akawa na mswaki wa mti mdomoni, anautafuna polepole huku anasuka vitanda, akisema mti ule nao unaita mate na hauna deni. Nilikuwa nimezoea kumwona mwanamume ni mtu wa kutaka. Sasa nilimwona akiacha, na kuacha kwake hakukuwa na kelele.

Penye kazi kweli kweli palikuwa arusini. Yeye ni mtu wa arusi, asingeweza kujificha, na mtu wetu wa pwani umkatalie chakula chake umemtukana. Wakimletea haluwa na chai ya maziwa iliyojaa sukari, yeye aliipokea sahani kwa mikono miwili, akainusa, akamsifu mpishi kwa jina lake mpaka mpishi akaona haya, kisha akampelekea mtoto aliye karibu. "Mie nimeshiba harufu," alisema. Watu wakacheka, hakuna aliyekasirika. Walikuwako waliosema pembeni, masikini, mpiga zumari kibogoyo, kwisha habari yake. Mie niliwasikia, na kama si yeye kunishika mkono ningewajibu.

Zumari yenyewe alijifunza upya, nyuma ya nyumba kwenye mihogo. Toba! Midomo haikuwa tena na meno ya kuishikilia, ikaingia ndani, upepo ukatoka pembeni. Ilitoka sauti ya ajabu. Nikamwambia, "Majirani watadhani tumenunua mbuzi." Akacheka na ule mdomo wake mtupu mpaka nami nikacheka. Kisha akakaa akafikiri, akachonga kwa kifuu cha nazi duara pana kuliko lile dogo ambalo zumari ilikuwa nalo, akalivisha pale chini ya ulimi wa zumari ili midomo ipate pa kuegemea. Akapiga tena. Mbuzi bado, lakini mbuzi mzima.

Asubuhi moja akaniita, "Mke wangu, njoo." Nikaacha unga nikatoka. Alikuwa amechuchumaa chini ya mpapai, amekinga kiganja chake mwenyewe. Mate. Mate kweli, mepesi, ya kumiminika. Tukayainamia, watu wazima wawili, tunachungulia mate kiganjani. Ndani yake palikuwa na uzi mmoja mwembamba mwekundu. Akautazama, akasema, "Bado," akaenda kusukutua chumvi. Mie nilibaki pale, nikamkumbuka mama mkwe na lile jicho lake, nikasema moyoni, mama nisamehe, sicheki tena.

Nilipotazama chini, sisimizi walikuwa wamepungua.

Mfungo Sita ukaandama na yeye hajasema kitu. Shangazi akatuma mtu kuuliza. Mume wangu akajibu waje, waje na arusi nzima, asiyetaka kuona abaki Kinondoni. Nikamvuta kando. "Umeyatazama leo?"

"Sikutazama."

"Na kama ule uzi bado upo?"

"Kama upo," akasema, "nitameza tena, na mwaka huu hataolewa." Akaenda zake kusuka kitanda. Mie sikula chochote siku ile.

Siku yenyewe walikuja wengi, kwa lori, wakishuka na vigelegele vyao. Shangazi akakaa mbele kabisa, pembeni ya mkeka wa radhi, na yale macho yake. Mume wangu akatoka ndani kavaa kanzu niliyomshonea upya kwa kipimo cha wembamba wake. Alikuwa ametafuna mswaki tangu alfajiri. Wote wakamtazama mdomo. Akatia zumari, akakandamiza midomo kwenye lile duara la kifuu, na mashavu yakavimba.

Ilianza chini, ikakwaruza kidogo, watu wakatazamana. Halafu ikafunguka. Ilikuwa sauti nyingine kidogo kuliko ya zamani, nzito zaidi, lakini haikukatika. Alipiga nyimbo zote za kumtoa bibi arusi, akazunguka uwanja, jasho likamlowesha kanzu, wanawake wakaingia kucheza, wakachoka, wakaingia wengine. Mie sikucheza. Nilitazama mwisho wa zumari, kule chini inakopanuka. Matone yalikuwa yakidondoka pale, moja baada ya jingine, yanaloanisha vumbi. Nilijikuta naita, "Jamani, mate! Mate hayo!" na watu wakadhani nimepagawa.

Akasimama mbele ya mkeka. Akatoa zumari mdomoni. Binti akapiga magoti, akakinga viganja. Baba yake akakusanya mashavu, akainama, akatema.

Sasa yeye alikuwa amezoea kutema akiwa na meno, na meno hayapo. Mate hayakwenda marasharasha, yalitawanyika. Yalimpata mtoto viganjani, yakanipata mie kifuani, na yakampata shangazi usoni, jicho zima! Uwanja wote ukavuta pumzi. Nikasema moyoni, leo tumekwisha. Shangazi akafumba macho. Akainua mkono, nikadhani anatafuta upindo wa kanga ajifute. Akajipaka. Akajipaka paji la uso, na mashavu yote mawili, akashuka mpaka shingoni, na machozi yakachanganyika humo humo. Akamwambia mume wangu, "Tumepokea, kaka."

Vigelegele vikalipuka. Binti alikuwa akiinua viganja usoni, nikamwahi, nikamkamata vifundo vya mikono. Akanitazama kwa mshangao. Nikaviinamia vile viganja kwenye jua, nikatazama kila mfereji, kila mkunjo, nikautafuta ule uzi. Nilikuta mate matupu, meupe.

Nikamwachia mikono. "Jipake, mwanangu," nikamwambia.